Siku Binti Yangu Alipoacha Kunitania

Nyumbani kwangu mimi ndiye mtoto. Sisi Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na kijana wa kwanza jina la baba yake baba. Kwa kuwa mimi na mke wangu tulipata mmoja wa kila aina tukafunga duka, naishi chini ya paa moja na mama yangu mwenye miaka kumi na sita na baba yangu mwenye miaka sita. Binti namwita Maitu, yaani mama. Kijana namwita Baba. Wao huniita wapendavyo.

Binti yangu aliuchukua wadhifa huo kwa uzito tangu akiwa mdogo. Nikimtuma dukani alikuwa ananiambia, "Mtoto hatumi mama yake." Siku ya wazazi katika shule yake ya bweni, mwalimu wa darasa alimwuliza aliyekuja naye ni nani. Akajibu bila kupepesa jicho, "Ni kijana wangu. Ni mpole, lakini masomo ilimshinda." Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Nilicheka pia, maana kidato cha nne nilikimaliza, ila mimi na shule tuliachana bila majonzi.

Kazi yangu ni kufuma sweta za shule. Mashine iko sebuleni, hapa Mweiga, na mimi niko mbele ya mashine. Mke wangu ndiye wa kutoka. Hununua viazi kwa wakulima wa huku na kuvipeleka Kerugoya na lori la asubuhi. Mimi hata kwenda Nyeri mjini nahitaji siku ya kujiandaa na siku ya kupumzika. Nchi nzima huwacheka wanaume wa Nyeri kwamba wanapigwa na wake zao. Mimi sijapigwa, lakini sijui kama ni kwa sababu ya tabia yangu nzuri au ni kwa sababu mke wangu hayuko nyumbani.

Hata nguo sinunui. Sweta ikikataliwa na shule, labda mkono mmoja umezidi mwenzake au shingo imekuja kubwa, naivaa mwenyewe. Ukinitembelea siku ya baridi utakuta mwanamume mwenye mvi ndani ya sare ya shule ya msingi, na binti yake anamwuliza kama amemaliza homuweki.

Likizo ya Agosti iliyopita binti alirudi nyumbani akiwa amechoka. Alisema viungo vinamuuma, akakataa chakula, na nikikaanga vitunguu alitoka nje akiziba pua. Agosti yetu ni baridi na ukungu, kila mtu ana kikohozi na kila mtu amechoka, kwa hiyo nilimpa tembe za maumivu nikarudi kwa mashine. Nilikuwa na sweta za kijani zenye mstari wa manjano shingoni, na mwalimu mkuu wa shule iliyoziagiza ni mkali kwa rangi kuliko kwa hesabu.

Asubuhi moja jua lilichomoza kidogo. Nilikuwa nalinganisha nyuzi za manjano dirishani, kwa sababu rangi hulinganishwa kwa mwanga wa mchana tu, ukitumia taa utadanganyika. Nikamwita binti yangu anishikie donge la uzi.

"Inua juu, Maitu. Karibu na dirisha."

Akainua mpaka karibu na uso. Nikaangalia uzi, nikaangalia sampuli, halafu nikaangalia macho yake. Sehemu nyeupe ya jicho ilikuwa imepotea. Kati ya vitu vitatu vilivyokuwa mbele yangu, sampuli ndiyo iliyokuwa na manjano hafifu.

"Mbona unaniangalia hivyo?" akasema. "Ati umesahau sura ya mamako?"

Nikamwambia avae viatu.

Daktari wa kituo cha afya cha karibu alikuwa mama wa makamo, asiyependa maneno mengi. Alimvuta kope ya chini, akambonyeza chini ya mbavu za kulia mpaka akaruka, akauliza kuhusu mkojo. Binti akanitazama kwa aibu, akasema ni mweusi kama soda. Damu ikatolewa ikapelekwa Nyeri. Majibu yaliporudi tuliitwa tena, na safari hii nilikwenda na kijana pia kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwachia.

"Hii ni homa ya ini," daktari akasema. "Virusi vya aina ya A. Inaingia kwa mdomo, kwa maji ama chakula iliyoguswa na mkono mchafu."

"Lakini alichanjwa akiwa mtoto, daktari. Chanjo ya ini. Nilimpeleka mimi mwenyewe."

"Hiyo ilikuwa ya aina ya B. Ni virusi vingine kabisa, vya damu. Hivi vya A havikuwa kwa zile sindano."

Nilijiona kama mtu aliyefunga mlango wa mbele kwa kufuli mbili, mwizi akapitia jikoni.

Akauliza nani mwingine nyumbani aliugua miezi ya karibuni. Nikasema hakuna. Halafu nikakumbuka. Binti alipokuja kwa mapumziko ya katikati ya muhula, kijana alikuwa amekataa chakula, ana joto kidogo, na mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Nilidhani hanywi maji ya kutosha. Dada yake ndiye aliyembembeleza kwa uji, kikombe kimoja, huyu anywe na huyu anywe. Baada ya siku chache kijana alikuwa amerudi mferejini kucheza.

Daktari akamgeukia kijana. Alikuwa kwenye benchi anakula ndizi na kupiga miguu hewani.

"Basi huyu ndiye alitangulia. Watoto wadogo hupita nayo kama mafua. Wengi hawageuki hata rangi. Na akishapita amepata kinga, haitamshika tena."

"Na mimi na mama yao?"

"Mkiwa wadogo mlikuwa mnakunywa maji gani?"

"Ya mfereji."

"Pamoja na nani?"

"Ng'ombe."

"Basi huenda mlipitia zamani bila kujua. Mtoto mdogo humshika kidogo, mtu mkubwa humshika kwa nguvu. Huyu msichana imempata akiwa karibu mtu mzima, na hakuwa na kinga."

Nilikaa nikalitafakari hilo. Huyu binti tulimlea kama jaribio la maabara. Maji yake yalichemshwa, yakapozwa, yakachemshwa tena kwa sababu nilisahau kama nilikuwa nimeyachemsha. Matunda yalimenywa mpaka yakaisha. Hakuvuka lango peke yake mpaka alipoanza shule. Kijana alipokuja miaka kumi baadaye tulikuwa tumechoka. Huyo amekula udongo, amekunywa kwenye ndoo ya ndama, na kitu kilichoanguka chini kwake ni kitu kilichokaribia mkono. Sasa katika watu wanne wa nyumba yetu, mmoja tu ndiye hakuwa na ngao, na ni yule tuliyemchemshia maji.

Daktari alinisoma usoni. "Usiache kuchemsha, mzee. Chemsha. Na mikono ioshwe na sabuni wakitoka choo." Akamwonyesha kijana kidole. "Hasa hiyo."

"Na dawa?"

"Hakuna dawa. Ini hujirekebisha lenyewe, wengi hupona kabisa. Apumzike, anywe, ale kidogo kidogo. Zile tembe za maumivu wacha, usimpe kitu bila kuniuliza. Na dawa ya miti, hata tone."

"Hata tone?"

"Dawa ikiingia mwilini, ini ndilo linaisafisha. Sasa limevimba. Ni kama kumpatia mgonjwa jembe." Akainama mbele. "Kuna wachache ambao ini hushindwa. Si wengi, lakini wako. Ukiona anatapika kila kitu, ama analala mchana kupita kawaida, anachanganya maneno, hajui aliye mbele yake, usingoje kesho. Mpeleke Nyeri."

"Daktari, ni msichana wa miaka kumi na sita. Analala mchana, maneno yake sielewi nusu, na huwa ananiangalia kama hanijui."

Hakucheka. "Ndiyo maana nakuambia wewe. Mimi sitajua tofauti. Wewe utajua."

Nilirudi nyumbani na kazi hiyo.

Nikahamisha godoro lake sebuleni, karibu na mashine, nikaendelea kufuma huku nikimsikiliza. Kipimo changu kilikuwa kimoja. Msichana huyu hajawahi kumaliza saa nzima karibu nami bila kunichokoza, kwa hiyo niliamua kwamba madhali ananichokoza, ini lake linafanya kazi. Sikumwambia. Kila asubuhi nilimwekea mtego.

"Maitu, chai ya maziwa ama ya rangi?"

"Ya rangi. Na usimwage kama jana, mtoto wa mama."

Basi nilipumua, nikapiga mstari mwingine wa sweta. Akinyamaza muda mrefu niliangusha kitu makusudi. Nilivunja vikombe viwili kwa njia hiyo.

Mke wangu alipiga simu kutoka Kerugoya kila lori lilipofika. Hakuuliza kuhusu homa wala chakula.

"Amekutukana leo?"

"Mara moja."

"Amesema nini?"

"Ati nafanana na kuku anayeatamia uzi."

"Hiyo ni mpya?"

"Mpya kabisa."

"Sawa. Wacha nishushe viazi."

Habari zilifika Naro Moru kwa mama yangu, na mama yangu alifika Mweiga kabla sijamaliza kujitetea kwenye simu. Aliingia na mtungi wa plastiki wa dawa ya miti, nyeusi, yenye harufu ya ngozi iliyolowa. Kwa kuwa yeye na binti wana jina moja, kwake huyo si mjukuu tu. Ni yeye mwenyewe mara ya pili.

"Mimi naumwa huku Mweiga," akasema akiwa bado mlangoni, "na hakuna mtu ananiambia mimi niko mgonjwa?"

"Mama, daktari amekataa dawa ya miti."

"Huyo daktari amezaliwa lini? Hii ndiyo ilikuponya wewe tumbo ukiwa mdogo."

"Daktari alisema hata tone."

"Mimi nilisema tone? Nimeleta mtungi."

Akamimina kikombe. Nilisimama kati ya kikombe na godoro, mwanamume mzima. Kumkatalia mama yangu sijawahi kujifunza, nimeishi miaka yote hii kwa kumkubalia halafu kutofanya. Lakini alikuwa tayari amenizunguka, amepiga magoti kando ya godoro, mkono mmoja nyuma ya shingo ya mtoto.

Binti akafungua jicho moja, manjano tupu.

"Cucu," akamwita nyanya yake, "si mimi na wewe ni mtu mmoja?"

"Mmoja, kabisa."

"Basi kunywa wewe. Itanifikia."

Mama yangu alinitazama, akatazama kikombe. Hiyo hoja ilikuwa yake mwenyewe, ameitumia miaka kumi na sita kula keki za siku ya kuzaliwa ya mtoto na kupokea nusu ya kila zawadi. Hakuwa na pa kupitia. Akainua kikombe, akanywa chote, na uso wake ukajikunja kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Naanza kusikia nafuu," binti akasema.

Tangu siku hiyo cucu alikaa kwetu, na kila asubuhi alikunywa kikombe chake kwa niaba ya mgonjwa, amesimama wima, bila kulalamika. Sikujua nicheke au nimzuie. Ini lake halikuwa na ugomvi na mtu.

Kwa siku kadhaa tulidhani tumevuka. Halafu kutapika kukaanza. Kwanza uji ulikataa, halafu chai, halafu hata maji ya vijiko. Mchana wote alitapika, na jioni akasema tumwache alale, na tukamwacha.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye dirisha. Nilivaa haraka, nikaweka mtego wangu wa kila siku.

"Maitu, kijana wako ana njaa."

Kimya. Nikasogea.

"Maitu. Nimeunguza uji."

Hakuna. Nikaangusha kifuniko cha sufuria kwenye saruji, kikazunguka kwa kelele mpaka kikajilaza. Akafungua macho. Aliniangalia mimi, akaangalia mashine, akarudi kwangu, na usoni mwake hapakuwa na lolote.

"Kengele imelia?" akauliza.

"Kengele gani?"

"Ya prepu." Akafumba macho tena.

Mtu aliyetoka usingizini anaweza kudhani yuko bweni, anaitwa masomo ya usiku. Mimi mwenyewe nimewahi kuamka nikamwomba mke wangu ruhusa ya kwenda choo, nikidhani ni mwalimu. Niliyapanga hayo yote kichwani yakapendeza, na mikono yangu tayari ilikuwa inatafuta simu.

"Amekutukana?" mke wangu akauliza. Nyuma yake nilisikia watu wa sokoni.

Nikasogeza simu karibu na godoro, asikie mwenyewe.

"Nakuja," akasema. "Usiningoje. Nenda sasa hivi."

"Huenda ni usingizi tu."

"Hata kama ni usingizi. Nenda ulaumiwe kwa kwenda."

Jirani yetu ana pikapu ya kupeleka maziwa. Tulimlaza binti kwenye kiti cha mbele, kichwa chake begani kwangu, ndani ya blanketi. Mama yangu alisimama getini ameshika mkono wa kijana.

"Nitabaki na baba yako," akaniambia, akimaanisha mtoto. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Usiniachilie huko nikufe."

Njia nzima nilimwongelesha binti. Nilimwambia kwamba jirani anaendesha kama anabeba mayai, nilimwambia mlima umejificha kwa sababu ya sura yangu, maneno ya kijinga ambayo siku nyingine angeyararua moja moja. Alikuwa anapumua. Hilo tu ndilo alilonijibu.

Katika wadi ya hospitali mjini Nyeri alitupokea daktari kijana, mrefu, mwenye Kiswahili laini cha Pwani. Alimwinua binti kidogo kwenye mto, akamgonga bega.

"Dada, nitazame. Waitwa nani?"

Akataja jina lake, ambalo ni la mama yangu, polepole, kama mtu anayelisoma kwa mbali.

"Hapa ni wapi?"

"Hosi."

"Mji gani?"

Akangoja. "Nyeri."

"Mwezi gani huu?"

"Wa baridi."

Daktari akaandika. Kisha akanielekezea kalamu. "Na huyu ni nani?"

Binti yangu alinitazama kwa macho yaliyofunguka nusu.

"Mtoto wangu," akasema.

Kalamu ikasimama.

Nilifungua mdomo nicheke. Hicho ndicho nilichokuwa nakingoja tangu alfajiri, na hatimaye kilikuja. Lakini kicheko hakikutoka. Sauti yake haikuwa na chumvi. Maneno hayo ameyasema tangu ajue kusema, na mimi najua mazoea yalivyo: mkono wangu huendelea kusukuma mashine huku akili imeenda kwingine, na sweta inafumika bila mimi kuwepo.

"Mzee," daktari akasema kwa upole, "wewe ni nani wake?"

"Baba yake. Lakini huo ni utani wetu. Ana jina la mama yangu, kwa hiyo kimila mimi ni mtoto wake. Husema hivyo kila siku."

"Kwa hiyo yuko sawa. Anatania."

Ningesema ndiyo, huenda angeandika ndiyo.

"Sijui," nikasema.

"Ni utani ama amechanganyikiwa?"

"Daktari, nakuambia sijui. Utani ni wake. Lakini sijui kama ni yeye ameusema."

Hakunicheka, na nilimpenda kwa hilo. Akamwambia binti anyooshe mikono mbele, akunje viganja nyuma kama anayesimamisha gari. Aliniambia baadaye kwamba ini likishindwa, viganja hupigapiga vyenyewe kama mabawa. Mimi sikujua, lakini niliona jinsi alivyovikazia macho, nikavikazia pia. Mikono ilitetemeka kwa uchovu, ikaanguka kwenye blanketi. Viganja havikupiga.

"Hiyo ni nzuri," daktari akasema. "Haitoshi."

Akamchoma kidole, akaangalia kimashine chake cha kupima sukari, akamwita muuguzi kwa sauti ambayo haikuwa laini tena.

"Sukari imeshuka mno. Akiba ya sukari iko kwenye ini, na ini lake ni gonjwa, na hajala. Huenda usingizi huu ni wa sukari peke yake. Huenda ni ini limeanza kushindwa. Tutamtilia sukari kwenye mshipa na tutapima kama damu yake yaganda vizuri. Akiamka akili yake yote ikiwa hapa, tutapumua. Asipoamka, tutampeleka Nairobi leo hii."

Wakatundika dripu. Nilipewa kiti nikakaa karibu na miguu yake, kwa kuwa upande wa kichwa walikuwapo wenye kazi.

Sijui nilikaa muda gani. Tone lilikuwa linashuka, linajikusanya, linaanguka. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa anamnyonyesha mtoto, alinitazama, akatazama pembeni, akanitazama tena. Muuguzi mmoja alipita akabana midomo. Nilidhani wananihurumia. Nilifikiri jinsi nitakavyomwambia mke wangu, nikatafuta neno la kuanzia, na kila neno nililolishika lilikuwa la binti yangu, yeye ndiye anayejua kusema mambo magumu yakawa mepesi. Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Ningepewa nafasi ningekaa ndani ya dakika hiyo hiyo, kabla ya jibu, nikafunga na mlango.

Daktari akarudi. Akamgonga bega. "Dada."

Akafungua macho. Safari hii yalifunguka yote. Yalimtazama daktari, yakafuata mpira wa dripu mpaka juu kwenye mfuko, yakashuka, yakanifikia. Alianzia kwenye ndara zangu, akapanda polepole, suruali, tumbo, kifua, akafika shingoni akakaa hapo.

"Daktari," akasema kwa sauti kavu.

"Naam."

"Huyu mtoto wangu nani amemruhusu kutoka shule?"

Daktari akanitazama, nami nikamtazama binti. Alikuwa anajilamba midomo iliyokauka, akijiandaa.

"Maana hiyo sweta ni ya gredi ya pili," akasema. "Na mkono moja imekula ingine."

Nikajitazama. Kijani, mstari wa manjano shingoni. Mkono wa kulia uliishia kwenye kifundo, wa kushoto uliishia karibu na kiwiko. Nilikuwa nimeivaa nyumbani gizani mwa ukungu nikavuka nayo nusu nzima ya kaunti. Mwanamke wa kitanda cha pili hakuweza kujizuia tena, akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

"Mzee," daktari akauliza, "na hii pia ni ya kila siku?"

"Hapana," nikasema. Ilibidi nianze tena. "Hapana. Hii ni mpya."

Majibu ya kuganda kwa damu yalikuja alasiri. Hayakuwa mazuri sana wala hayakuwa ya kutisha, na siku iliyofuata yalikuwa afadhali. Nairobi hatukwenda. Lakini mimi jibu langu nilikuwa nimelipata mapema, na nilikwenda nalo koridoni kupiga simu.

"Amekutukana?" mke wangu akauliza. Alikuwa njiani, nilisikia injini.

"Mbele ya wadi nzima."

"Amesema nini?"

Nikamweleza.

"Kwani umeenda Nyeri na hiyo sweta?" akasema, na sauti ikamkatikia katikati ya sweta, na tukaachia hapo kila mtu ajipanguse.

Manjano yalitoka taratibu, kwanza usoni, mwisho machoni. Alijikuna sana, alilala sana, alirudi shule muhula ukiwa umeanza. Mama yangu alirudi Naro Moru akiwa na mtungi mtupu na hakika kamili ya nani aliyemponya. Kijana huosha mikono sasa kwa sabuni, dada yake akiwa nyumbani humsimamia kama askari. Maji bado nachemsha, yote, ya wote.

Kilichobadilika ni kimoja tu. Binti yangu akinitambulisha kwa mtu kwamba mimi ni kijana wake, wote hucheka papo hapo isipokuwa mimi. Mimi namwangalia macho, na nangoja aseme la pili.